Mshahara Umekatika: Tupunguze Nini Mezani?

Barua tulizopokea mwezi huu zilikuwa na maswali ya aina nyingi kuhusu lishe, lakini tatu kati yake zilitoka katika nyumba ambazo mshahara umekatika ghafla. Nimeamua kuzijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo naamini yanaulizwa kimya kimya katika nyumba nyingi.

SWALI: Mume wangu alipunguzwa kazini miezi miwili iliyopita, katika kiwanda alichokitumikia kwa miaka tisa. Tuna watoto watatu. Mkubwa yuko darasa la sita, wa kati darasa la tatu, na mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Zamani nilikuwa nikiachiwa shilingi 15,000 za matumizi kila siku. Sasa ninajitahidi nisivuke 7,000, fedha ninayoipata kwa ushonaji. Nimeacha kununua nyama, samaki, maziwa na matunda. Tunakula ugali wa sembe kwa kabichi au mchicha kidogo, na siku nyingine wali kwa mchuzi wa nyanya tupu. Asubuhi tunakunywa chai ya rangi kwa mandazi ili watoto washibe. Huyu wa kati ameanza kulalamika kwamba anachoka shuleni. Je, inawezekana kula vizuri kwa fedha hiyo, au nivumilie tu mpaka mume wangu apate kazi nyingine?
*Mama wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam*

JIBU: Pole sana, dada yangu, na umfikishie shemeji pole yangu. Ninakuomba usisubiri. Kazi inaweza kupatikana baada ya mwezi mmoja au baada ya mwaka, lakini mtoto wako mdogo bado yumo ndani ya zile siku 1,000 zinazohesabiwa tangu mimba inapotungwa hadi anapotimiza miaka miwili, na kimo na ubongo wake vinajengwa kwa anachokula sasa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeona umefanya jambo ambalo karibu kila nyumba hulifanya fedha inapopungua: umepunguza kitoweo ukabakiza wanga. Hilo halikutokana na uzembe, kwa maana sembe, wali na mandazi hushibisha haraka, na mama anayewaona watoto wake wameshiba hupata usingizi. Lakini mwongozo wa kitaifa wa ulaji unatutaka tule kutoka katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; vyakula vyenye asili ya wanyama; jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta; mbogamboga; matunda; na mafuta yenye afya. Katika orodha yako kundi la kwanza limejaa, mbogamboga zimebaki kidogo, na hayo mengine karibu yote yameondoka. Ninachokushauri ni kugeuza upande wa kupunguza. Kisu kianzie kwenye sukari, ngano na mafuta ya kukaangia, na fedha itakayobaki irudi kwenye kitoweo.

Tuanze na chai. Tuchukulie kwamba watu wazima wawili na watoto wawili wakubwa wanakunywa vikombe viwili kila mmoja kwa siku, na kila kikombe kinatiwa vijiko vitatu vidogo vya sukari. Hivyo ni vijiko 24, karibu gramu 100 kwa siku, yaani karibu kilo 3 kwa mwezi, kabla hujahesabu sukari iliyomo ndani ya mandazi. Mkishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe, kilo 2 za sukari zinabaki dukani kila mwezi, na fedha yake inatosha kununua jamii ya kunde ya siku kadhaa. Watoto watalalamika kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha ulimi utazoea. Mandazi nayo yaondoke, angalau siku za wiki. Mahali pake weka viazi vitamu vya kuchemsha, na ukiviona sokoni viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa kwa ndani, vichukue hivyo, kwa sababu vina vitamini A kwa wingi. Magimbi na mihogo pia vinafaa, lakini visiliwe vikavu: viambatane na maharage yaliyobaki usiku, yakiwa yamechemshwa upya, au na karanga, kwa sababu muhogo peke yake hauna protini ya kutosha kumfikisha mtoto saa nane mchana.

Unga nao una jambo lake. Sembe imekobolewa, na pamoja na pumba na kiini vimeondoka vitamini nyingi za kundi B, madini ya chuma na nyuzinyuzi. Dona hubakiza vyote hivyo, na hushibisha kwa muda mrefu zaidi. Sharti lake ni mahindi safi na makavu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafariki dunia kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo mahindi yachambuliwe kabla ya kwenda mashineni, yaliyobadilika rangi, kuvunda au kutobolewa na wadudu yatupwe, na mfuko ukae juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu. Usisage mengi kwa mara moja, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye kiini hufanya dona ichache mapema kuliko sembe. Unga wa wiki mbili unatosha.

Sasa nije kwenye maharage, na hapa uniruhusu niseme kidogo habari za nyumbani kwetu. Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, baba yangu alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Mama yangu ni Mpare, na siku chache baadaye alirudisha makande mezani, yale mahindi yaliyopikwa pamoja na maharage, ambayo sisi watoto wa mjini tulikuwa tumeyazoea kama chakula cha likizo kwa bibi. Nilikuwa na miaka kumi na nilidhani tumefilisika. Nilipokuja kusomea lishe ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya. Protini ya mahindi ina upungufu wa sehemu ambayo maharage yanayo kwa wingi, na ya maharage ina upungufu wa sehemu ambayo mahindi yanayo, hivyo vikiliwa pamoja mwili hupata protini iliyo karibu sana na ubora wa ile ya nyama. Mama hakujua maneno hayo, lakini alijua kwamba tukila makande hatuugui ovyo.

Kilo moja ya maharage makavu ikipikwa huongezeka uzito zaidi ya mara mbili, na kwa familia yako itatosha milo miwili, pengine mitatu ikichanganywa na mahindi. Kinachowakatisha wengi tamaa ni mkaa. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo asubuhi, kisha uyapike kwenye sufuria iliyofunikwa vizuri. Yataiva mapema zaidi na gesi tumboni itapungua. Usitie magadi ili kuharakisha, kwa sababu magadi huharibu vitamini B1, ambayo ndiyo mojawapo ya sababu za kuyala. Siku ambayo mkaa umebaki kidogo, pika choroko, ambazo huiva mapema zaidi.

Ulisema umeacha samaki. Ninakusihi uwarudishe kwa njia ya dagaa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa waliokaushwa vizuri ni protini, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, huwapa watoto madini ya kalsiamu ambayo wengi wetu tunadhani hupatikana katika maziwa tu. Ukienda sokoni uliza waliokaushwa juu ya vichanja, kwa kuwa waliokaushwa chini huja na mchanga, na mchanga ndio unaowafanya watoto wawakatae. Waloweke kidogo katika maji ya uvuguvugu, uwaoshe mara mbili au tatu, kisha uwaunge kwa nyanya na kitunguu. Wachache kati yao, wakikaangwa bila mafuta na kutwangwa kuwa unga, wanaweza kutiwa katika chakula cha mtoto mdogo kila siku, naye hatavutana nawe kuhusu miiba. Nyama ikipatikana mara moja kwa wiki mbili, chukua maini kidogo badala ya steki, kwa sababu yana chuma na vitamini A kwa wingi. Ila kama una ujauzito, maini uyaache na uzungumze kwanza na muuguzi wako wa kliniki.

Kwa mboga, majani ya kijani kibichi kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yana chuma na vitamini A zaidi ya kabichi, na kwenye genge la mtaani fungu la matembele halizidi sana bei ya kipande cha kabichi. Osha kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, na maji yake usiyamwage. Kisamvu pekee ndicho kinachotaka kutwangwa na kuchemshwa sana ili sumu yake ya asili iondoke. Tia mafuta kijiko kimoja au karanga za kusaga, kwa sababu vitamini A hufyonzwa mwilini pamoja na mafuta. Mbagala wengi wana kauwanja kadogo mbele ya chumba: viroba viwili vyenye udongo na samadi vinatosha kuotesha matembele kutokana na vipande vya mashina, na mchicha huanza kuvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Matunda yafuate msimu. Papai na ndizi mbivu hupatikana karibu mwaka mzima, na machungwa ya Muheza yanaposhuka kwa wingi katikati ya mwaka, moja kwa kila mtoto si anasa.

Chungwa hilo lina kazi nyingine, inayomhusu huyu wa darasa la tatu. Uchovu wake unaweza kuwa ni upungufu wa damu, lakini pia unaweza kuwa malaria au minyoo, kwa hiyo mpeleke zahanati apimwe badala ya kubahatisha kwa chakula. Wakati huohuo ondoa chai karibu na milo yake, kwa kuwa kahawa na chai huzuia madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga yasifyonzwe. Chai ikae angalau saa moja mbali na chakula, na juu ya mboga kamulia ndimu au mpe kipande cha chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Mdogo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, ale mara tatu au nne kwa siku pamoja na kitu kidogo katikati, na usiache kumpeleka kliniki kupimwa uzito kwa kuona aibu kwamba amepungua. Pale ndipo upungufu hugunduliwa mapema.

Mwisho wa barua hii, ingawa mimi si mtu wa sheria, shemeji aulize katika ofisi ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kuhusu fao la upotevu wa ajira. Linamhusu mwanachama ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na aliyechangia kwa angalau miezi 18, nalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Nimekutana na watu waliokula mlo mmoja kwa siku huku haki yao ikiwa haijafuatiliwa.

SWALI: Nina miaka 46 na nilikuwa dereva. Tangu mkataba wangu usitishwe, nyumba inaendeshwa na mke wangu, ambaye ni mwalimu. Sijisikii kuwa na haki ya kula chakula ambacho sikukinunua. Asubuhi natoka bila kula, nashinda kijiweni kwa kahawa na kashata, na sigara zimeongezeka. Jioni nakula kidogo ili watoto wapate. Nina presha, na dawa ninaimeza siku niliyokula tu, kwa kuwa nimeambiwa haimezwi na njaa. Nimepungua kilo 6 ndani ya miezi mitatu. Nitumie nini niongeze uzito?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kaka yangu, kabla ya uzito tuzungumzie dawa. Presha haisikiki, ndiyo maana mtu anayeruka dozi hujiona mzima mpaka siku anapopata kiharusi. Dawa nyingi za presha hazidai tumbo lililojaa, lakini zipo zinazofaa kumezwa pamoja na chakula, kwa hiyo beba pakiti yako uende kwa mfamasia au kituo cha afya wiki hii, wakueleze kuhusu hiyo unayoitumia wewe. Ukiwa huko waeleze pia habari ya kilo 6 ulizopoteza. Huenda zimeondoka kwa sababu ya njaa, lakini mtu aliyepungua kiasi hicho bila kukusudia anastahili kupimwa sukari na kifua kikuu, hasa kama ana kikohozi kisichokwisha.

Kahawa, kashata na sigara ni vitu vitatu vinavyodanganya njaa kwa namna moja. Sukari hupanda na kushuka, sigara huua hamu ya kula, na kahawa nyingi hufukuza usingizi wa usiku, nawe unaamka umechoka na kurudi kijiweni. Wakati huohuo msongo wa mawazo wenyewe hubadilisha hamu ya chakula: wapo unaowafanya watafute vitamu na vya mafuta mfululizo, na wapo, kama wewe, unaowafungia koo kabisa. Sikushauri utumie chochote cha dukani cha kuongeza uzito. Unachokihitaji ni kifungua kinywa kabla hujatoka nyumbani, hata kama ni bakuli la uji wa dona uliotiwa karanga za kusaga, na chakula cha jioni kamili. Chumvi iwe kidogo, isiyozidi kijiko kidogo kimoja kwa siku ukijumlisha yote iliyopikiwa. Samaki wa chumvi na vidonge vya mchuzi vimebeba nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu haki ya kula, ninaomba unisikilize kama dada yako. Kwa miaka yote uliyokuwa barabarani, mke wako na watoto walikula ulichokileta, na hakuna aliyehesabu tonge. Chakula cha nyumbani hakina risiti. Watoto wanapoona sahani ya baba imefunikwa na baba hayupo, hawajifunzi kwamba umewaachia wao. Wanapata hofu, na mtoto mwenye hofu naye huacha kula. Kaa nao jioni. Tena una kitu ambacho mke wako, anayeondoka alfajiri kwenda shuleni, hana: una saa za asubuhi. Mboga za Mgeta na milima ya Uluguru hufika sokoni mapema, zikiwa mbichi na nyingi. Chukua wewe kazi ya kuzinunua, kuloweka maharage, na kuyainjika kabla watoto hawajarudi. Wanaume wengi niliowashauri waliona aibu wiki ya kwanza kushika kapu, na baada ya mwezi walikuwa wanajua bei za soko kuliko wake zao.

Kama kwa zaidi ya wiki mbili huna usingizi, huna hamu ya chakula wala ya jambo lolote, mweleze daktari hivyo hivyo ulivyo, kwa sababu sonona ni ugonjwa na una tiba. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo, umwambie na mkeo.

SWALI: Nina miaka 24, nimesimamishwa kazi ya dukani, na ninaishi chumba kimoja na rafiki yangu ambaye naye hana kazi. Tunapiga pasi ndefu: tunaamka saa tano, tunakaa hadi saa kumi na mbili jioni, kisha tunanunua chipsi. Tumbo linauma na nimenenepa, ingawa nakula mara moja tu. Tufanye nini na hatuna friji wala jiko la gesi?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Mdogo wangu, kunenepa kwa mlo mmoja si ajabu. Sahani ya chipsi ina mafuta mengi, tena mafuta ambayo huwa yamekaangiwa mara nyingi, na mtu aliyeshinda na njaa hula haraka na kupita kiasi kabla mwili haujamwambia kwamba ameshiba. Tumbo linalouma na njaa nalo lisipuuzwe. Likiendelea nenda ukapimwe vidonda vya tumbo, na usimeze dawa za maumivu bila kula.

Kwanza rudisheni nyuma saa ya kuamka, kwa kuwa mtu anayeamka saa tano hawezi kula milo mitatu hata akipewa. Kisha changeni fedha ya chipsi ya siku tatu au nne mnunue jiko dogo la mkaa, na mlitumie nje, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa mkaa una hewa yenye sumu isiyo na harufu na huua watu wakiwa usingizini. Ninyi mko Mwanza, na dagaa wa Ziwa Victoria wako sokoni kwenu kwa bei ambayo sisi wa pwani tunaitamani. Mayai ya kuchemsha, parachichi, ndizi mbivu na karanga havihitaji friji. Wali mpikeni unaotosha mlo huo tu, kwa kuwa ukilala katika joto huota vijidudu vya kuharisha. Maharage yakibaki yachemsheni tena kabla ya kulala na asubuhi kabla ya kula.

Kesho anzeni na choroko nusu kilo, kitunguu kimoja na nyanya mbili. Mkiziinjika saa moja asubuhi, kabla ya saa tatu mtakuwa mmekula, na zitabaki za mchana.